Nyonga bandia isiyo na saruji: kinachochakaa si kile tunachokiogopa

Wengi wanaojiandaa kubadilishiwa nyonga hapa Kampala huniuliza kama chuma kisichotiwa saruji, ile gundi maalumu ya kukishikiza kwenye mfupa, hakitalegea mapema. Natembelea nyonga ya aina hiyo, niliyowekewa nikiwa bado kijana baada ya selimundu kuua kichwa cha mfupa wa paja, na naona hofu yetu imeelekezwa mahali sipo.

Shina, yaani kijiti cha chuma cha titani, hugongwa likabana ndani ya mfupa wa paja, na uso wake wenye vitundu vidogo, au uliopakwa madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe, huuwezesha mfupa kuota na kulishika. Kazi hiyo inahitaji utulivu, kwa maana shina likichezacheza kupita takriban milimita 0.15, panaota utando laini badala ya mfupa. Kwa hiyo ukipewa magongo yatumie hadi daktari aseme basi, na boda boda isubiri. Likishashikana vizuri, kwa kawaida shina hukaa miongo.

Kinachochakaa ni plastiki iliyo ndani ya kikombe, yaani sehemu inayowekwa kwenye tundu la nyonga. Chembe zake huchokoza seli za mwili, nazo huanza kuula mfupa unaozunguka chuma, tena kimyakimya, bila maumivu kwa miaka. Plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, imepunguza sana uchakavu huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa nyonga bandia 58 kati ya 100, aina zote zikijumlishwa, hudumu miaka 25, na nyingi kati ya hizo ziliwekwa kabla ya plastiki hiyo kuenea.

Kwa hiyo nenda ukapigwe eksirei kwa ratiba ya daktari hata kama unatembea bila shida, na umwombe ailinganishe na picha ya kwanza. Mzee mwenye mifupa dhaifu asing'ang'anie kukataa saruji, kwa kuwa paja lake linaweza kuvunjika shina linapogongwa au muda mfupi baadaye; shangazi yangu alitiwa saruji, nami niliunga mkono uamuzi huo.

Jambo la mwisho, omba nakala ya vibandiko vinavyotoka kwenye maboksi ya vipandikizi, vyenye jina la kiwanda, saizi na namba. Vyangu nimevigundisha kwenye daftari langu la matibabu, kwa sababu daktari atakayebadilisha plastiki siku moja lazima ajue ni ipi inayoingia kwenye kikombe hiki.