Maswali na majibu: Ukibanwa, usitoboe meli

Wiki hii simu yangu imejaa watu waliobanwa. Wengi wameshafanya walilofanya, wanataka tu niwaambie walikuwa sahihi. Wamekosea mlango.

Nilikopa 300,000 ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, rejesho 12,000 kila siku kwa siku 30. Biashara ikalala, nikakopa kwingine kufunika la kwanza. Sasa nadaiwa sehemu tatu na mume wangu hajui. Kuna wa nne wako tayari kunipa leo leo. Nichukue? (Mama lishe, Mbagala)

Usichukue. Huo mkopo wa nne unakuondolea kelele za kesho asubuhi, na mtu aliyebanwa haoni mbali zaidi ya kesho asubuhi. Sikutukani, mama. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima wa miwa kule India. Mkulima yuleyule alifanya vibaya kwenye maswali ya kufikiri kabla ya mavuno, akiwa hana kitu, na akafanya vizuri zaidi baada ya kuvuna na kulipwa. Akili ni ileile, ila kabla ya mavuno ilikuwa imeelemewa na shida ya hela.

Kwa hiyo uamuzi wa leo usiufanye kichwani. Chukua karatasi, andika kila anayekudai, kilichobaki, rejesho la siku na ulichoweka dhamana. 12,000 mara 30 ni 360,000, yaani asilimia 20 ndani ya mwezi mmoja, tena unaanza kurudisha kesho yake. Niambie ni wali maharage gani wenye faida hiyo.

Karatasi hiyo mwonyeshe mumeo usiku huu. Najua hapa ndipo utasita. Wengi wanaoniandikia hawalii kwa ajili ya deni, wanalia mume asijue, halafu anajua siku afisa mikopo anapobeba friji mbele ya wapangaji wote. Akishajua, nendeni wawili kwa wanaokudai kabla hujalaza rejesho, muombe lipungue na muda uongezwe. Mkikubaliana, yaandikwe, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Anayekataa kuandika, muulizeni leseni yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, lakini wenye daftari na pikipiki bado wanapita mitaani. Na kama kuna uliyemwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri, badilisha hiyo namba leo. Hukuuliza, ila nawajua.

Nimetuma 80,000 kwa mtu aliyejifanya mwenye nyumba wangu. Nifanyeje? (Kimara)

Jamani, tena? Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyohiyo, kabla hujawasimulia majirani, kisha tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Akitokea mtu mtandaoni anayesema atakurudishia hela yako ukimpa kidogo cha kuanzia, huyo ni tapeli wa pili.

Jirani yetu alipata moto jikoni. Mimi niliganda mlangoni, sikuweza hata kupiga kelele. Tangu siku hiyo mke wangu ananiita mwoga. (Tabata)

Mwambie mkeo apunguze ukali. Hofu ikiingia ghafla, mwili huchagua kabla yako: kupigana, kukimbia au kuganda. Hiyo ya kuganda haijali kifua kipana. Kinachosaidia ni kuamua mapema, siku ambayo hakuna moto. Valvu ya mtungi inafungwaje? Swichi kuu ya umeme iko wapi? Watoto wanatokea mlango gani? Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani. Mafuta ya kukaangia yakiwaka usimwagie maji; zima jiko ukilifikia salama, funika sufuria.

Lakini nami nina langu hapa, kwa sababu nchi hii inamcheka aliyeganda na kumshangilia aliyekurupuka. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikabaki inaelea kichwa chini huku watu waliokwama ndani wakigonga. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, meli ikazama nao. Waliotoboa walikuwa na nia njema kabisa. Ndiyo maana mtu akiniambia "bora nifanye chochote kuliko kukaa", namuuliza: hicho chochote, kikishindikana, kinazamisha nini?

Baba amelazwa Muhimbili. Tuko watoto saba kwenye grupu la familia. Kila mtu anaandika "pole baba" na "tumwombee", hela haionekani. Nimechoka. (Sinza)

Unaandika "ndugu zangu, tusaidiane", na "ndugu zangu" si jina la mtu. Mwaka 1968, Marekani, John Darley na Bibb Latané waliwasikilizisha wanafunzi sauti ya mwenzao aliyeonekana kushikwa na kifafa chumba cha pili. Waliodhani wako peke yao, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakoma. Waliodhani kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31 tu. Saba wenu ni hesabu hiyohiyo.

Toka kwenye grupu, mpigie kila mmoja simu, mpe kazi yake: wewe dawa za wiki hii, wewe chakula cha mchana, wewe lala wodini Jumamosi. Asiye na hela ana miguu. Mkikwama kabisa, nendeni dawati la ustawi wa jamii hapohapo hospitali, msingoje siku ya kuruhusiwa. Barabarani ni vivyo hivyo: ajali ikitokea usipige kelele "pigeni simu", mwonyeshe mtu kidole, "wewe mwenye shati jekundu, piga 112".

Ada ya mtoto imepungua 100,000. Nina mkeka wa kubeti, wa uhakika, wa Jumamosi. (Gongo la Mboto)

Ungekuwa wa uhakika usingeniuliza. Nenda kwa mhasibu wa shule na hicho ulicho nacho, omba tarehe ya kumalizia.

Nimefukuzwa kazi tarehe 3 mwezi huu bila hata kusikilizwa. Mama anasema tufunge na kuomba, mjomba anasema nimerogwa, nikaonwe na mganga Bagamoyo. Nianzie wapi? (Kigamboni)

Anzia CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 tangu uachishwe, na wewe unazila kwa vikao vya ukoo. Jaza fomu ya malalamiko, mwajiri apate nakala yake, beba mkataba, barua ya kufukuzwa na hati za mshahara. Kufunga unaweza kufunga ukiwa kwenye foleni. Ukichelewa, ipo njia ya kuomba usikilizwe nje ya muda, lakini lazima uandike sababu ya kuchelewa, na sioni utakavyoliandika hilo la Bagamoyo.