Sola, upepo, mvuke au nyuklia? Majibu kwa wasomaji

Jua letu ni la bure. Mbona serikali isiweke sola kila mahali ikaachana na mengine? (Msomaji, Umoja)

Sola naiunga mkono kabisa, lakini angalia saa unayotumia stima. Nairobi huwasha taa, televisheni na pasi kuanzia saa moja jioni, na hapo ndipo mahitaji ya taifa hufika kilele, jua likiwa limeshazama. Kituo cha Garissa cha megawati 50, kilichozinduliwa mwaka 2019, hutufaa mchana kwa sababu maji ya mabwawa hubaki kwa ajili ya jioni. Usiku, bila betri, hakitoi hata yuniti moja. Kwa hiyo ukilinganisha vyanzo, pamoja na bei ya yuniti, uliza inapatikana saa ngapi.

Na upepo wa Turkana? (Msomaji, Kasarani)

Mitambo 365 karibu na Loiyangalani ina uwezo wa megawati 310, na upepo wa huko huvuma vizuri hata usiku. Shida ni kwamba usiku wa manane watu wamelala, matumizi yameshuka, na mitambo ya Olkaria, inayotumia mvuke wa joto la ardhini, nayo inaendelea kuzalisha. Stima inazidi, basi mvuke mwingine unaachiwa upotee hewani. Hilo linaniuma sana, kwa kuwa jioni ileile tulikuwa tumechoma mafuta kuzalisha stima. Sera yoyote ya nishati isiyotenga fedha za betri na za laini za kusafirishia umeme imeacha nusu ya kazi. Mitambo ya Turkana yenyewe ilikaa ikisubiri laini ya kwenda kituo cha umeme cha Suswa hadi 2018.

Kwa nini tokeni za stima hupanda ukame ukiingia?

Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakipungukiwa maji, mitambo ya mafuta mazito kule Mombasa hufanya kazi zaidi. Soma meseji ya tokeni: kuna pesa zilizonunua yuniti, na kuna tozo nyingine. Gharama ya mafuta imo humo kwenye tozo.

Nyuklia itatuokoa? (Msomaji, Ruaka)

Sioni hivyo kwa sasa. Kilele chetu ni kati ya megawati 2,300 na 2,500. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kikizimika ghafla, gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, itapoteza karibu nusu ya umeme wake kwa mkupuo, na sisi tunajua giza la Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, lilivyokuwa. Fedha hizo ningezipeleka kwenye mvuke wa Bonde la Ufa: Olkaria, Menengai, Paka. Kuchimba visima ni ghali, vingine havitoi kitu, na jamii za Wamaasai zilizohamishwa Olkaria zina haki ya kusikilizwa kabla ya kisima kingine kuchimbwa. Ila mvuke haungoji mvua wala jua, na tayari unatupa zaidi ya theluthi moja ya umeme wetu.