Ikilia "ka" mara moja, achia

Jana nimesimama nyuma ya dogo mmoja gereji anafunga kalipa ya breki ya mbele ya pikipiki, ile inayoshika pedi na kubana diski. Toki renchi, ile spana unayoipangia nguvu ya kukaza nayo inalia ikifika, ikalia ka, nikasema moyoni safi, huyu kashaiva. Akavuta tena, ka. Akavuta ya tatu kwa mwili mzima huku kang'ata ulimi. Namuuliza hizo mbili za nini, ananijibu "za usalama kaka". Aisee. Hilo jibu niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, kwa hiyo wadogo zangu mlioingia kazini juzi naombeni dakika tano.

1. Namba toa kwenye kitabu cha pikipiki hiyo hiyo, sio ya jirani yake. Bolti za kalipa za M8, yaani unene wa milimita 8, mara nyingi zinacheza 22 mpaka 30 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), M10 zinapanda hadi 35 au 45, na ile nipo ya kutolea upepo ni kama 6 tu, sita, sio sitini jamani.

2. Angalia upande wa skeli unaosoma. 27 ya futi paundi ni karibu 37 Nm, na bolti haijali kama ulichanganya kwa bahati mbaya.

3. Renchi iendane na bolti. Hapa ndo pananiuma.

Mwaka wangu wa kwanza fundi mkuu kaenda msibani kaniachia gereji, mimi nimevimba kichwa hatari. Kaja bodaboda wa kijiwe cha jirani, kubadilisha pedi tu, kazi ya nusu saa. Renchi ndogo imeazimwa, imebaki ile ndefu ya nusu inchi ya kufungia magari ambayo skeli yake inaanzia 40. Kitabu kinataka 26. Nikazungusha mpini kurudi nyuma kupita 40 mpaka nikahisi hapa ndo 26, kwa kuhisi yaani, nikaanza kuvuta nikisubiri ka. Kimya. Nikasema bado. Navuta, kimya, na ule mpini ulivyo mrefu mkono hausikii kitu, mara bolti ikalainika ghafla kama kijiko kwenye uji. Kuitoa, uzi wote (yale meno ya ndani ya tundu) wa aluminiamu wa mguu wa shokapu umekuja nayo, umejiviringisha kama springi.

Ningesema pale pale ingekuwa kesi ndogo, unapeleka kwa wakereza vyuma wanaweka helikoili, yaani uzi mpya wa chuma ndani ya tundu, maisha yanaendelea. Mimi nikachukua ule utepe mweupe wa mafundi bomba, nikazungushia bolti, ikashika shika, nikafuta vidole vyangu kwenye kalipa ili ipendeze, nikamkabidhi. Akanilipa na ya soda juu. Soda yenyewe nilikunywa.

Kesho yake asubuhi simu. Bolti imedondoka njiani, kalipa ikazunguka kwenye ile moja iliyobaki ikaanza kusaga rimu. Bahati alikuwa anaingia sheli, mwendo wa kutembea, nyuma kambeba mama na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeumia. Fundi mkuu hakufoka hata kidogo, bora angefoka, alinipa ile bolti iliyookotwa, bado ina utepe wangu, akasema tu "hii kaa nayo". Mguu mpya wa shokapu nilikatwa miezi miwili. Bolti bado iko kwenye boksi langu la spana.

4. Uzi uwe safi na mkavu, kitabu kisiposema vinginevyo. Nguvu yako kama nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, kama 40% kwenye uzi, inayobaki kukaza kweli ni kama 10% tu. Sasa ukipaka oili msuguano unapungua, renchi inalia namba ile ile lakini bolti imeshavutika kupita kiasi.

5. Pampu leva ya breki kabla pikipiki haijatoka. Ukishasukuma pistoni ndani kubana kwa kwanza hakuna breki, muulizeni mwenzetu aliyeenda kuparki kwenye meza ya chapati. Yule mama mpaka leo anatuuzia bei yetu peke yetu.

6. Toki renchi sio ya kufungulia bolti, na ukimaliza irudishe namba ya chini kabisa ya skeli, usiilaze imejikaza.

Sasa dogo wa jana. Nikamwambia fungua hiyo bolti tuione. Imetoka na unga wa aluminiamu unang'aa kwenye meno, sio uzi wote ila umeanza. Akaniangalia, jicho likakimbilia kwenye kabati la utepe, naapa, na stori yangu hajawahi kuisikia. Nikampa simu yangu nikamwambia mpigie mwenye pikipiki, mwambie asije saa kumi, na umwambie kwa nini. Kajikuna kichwa pale dakika nzima, halafu akabonyeza namba.