Kwa nini TB haipimwi kwa tone la damu kama malaria?

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu ni dereva wa bajaji, ameanza dawa za TB mwezi huu. Sasa binti yetu wa miaka minne anakohoa. Zahanati wamesema hawezi kutoa makohozi, tumpeleke hospitali ya Temeke. Jirani anasema kuna duka wanapima TB kwa damu ya kidole, dakika kumi na tano majibu tayari, kama malaria. Kwa nini nisiende huko?
Mama Rehema, Tandika

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mpe pole baba Rehema. Kwenye hilo duka usiende.

Vimelea vya malaria vinaishi ndani ya damu yenyewe, na humo vinamwaga protini ambayo kile kipimo kinainasa. Ndiyo maana tone moja linatosha. Bakteria wa TB ya mapafu anakaa kifuani, kwenye damu ya kidoleni huwezi kumtegemea. Vipimo unavyoelezwa vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na vimelea, na vinapotosha pande zote mbili: mgonjwa anaambiwa hana kitu, mzima anaanzishiwa dawa za miezi sita. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziache kuvitumia kwa TB. Nimezeekea maabara za jiji hili, na inaniuma mzazi mwenye hofu anapouziwa kitu cha namna hiyo.

Ila kutaka kipimo chepesi ni haki yako. Robert Koch alimtangaza bakteria huyu mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye tegemeo letu kubwa lilibaki hadubini. Ili umwone vizuri kwenye kioo, mililita moja ya makohozi iwe na bakteria kama 10,000. Mtoto mdogo hafiki huko. Bakteria wake ni wachache, na hata makohozi machache anayokohoa anayameza. Kuwaotesha bakteria maabara kunawanasa zaidi, lakini majibu ni wiki kadhaa.

Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010, inatafuta vinasaba vya bakteria. Ndani ya saa mbili inakuambia kama yupo na kama ana usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Inahitaji umeme wa uhakika, na kila kipimo kinakula kartriji yake, yaani kikasha cha kutumia mara moja, ndiyo maana huikuti kila zahanati. Mwaka 2020 Shirika hilo liliikubali pia mashine ya Truenat, iliyotengenezwa India, inayofanya kazi kwa betri. Mimi naona mashine za namna hiyo ndizo zitakazokifikisha kipimo hadi mtaani kwako, Mungu akipenda.

Kwa Rehema, habari njema ni kinyesi. Makohozi aliyomeza yanapita tumboni na vinasaba vya bakteria vinatoka navyo. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linakubali kinyesi cha mtoto kipimwe kwenye GeneXpert, na ipo njia rahisi ya kukiandaa isiyohitaji vifaa vingi. Haingizwi mpira puani. Ukifika Temeke uliza kama wanapima kwa kinyesi, na uombe kikopo. Watafiti wanajaribu pia kupangusa ulimi kwa kijiti cha pamba. Bado kinawakosa baadhi ya wagonjwa ambao makohozi yangewaonyesha, lakini nakifuatilia kwa matumaini makubwa, maana ulimi kila mtu anao, akohoe asikohoe.

Sasa nisikilize kwa makini hapa. Mashine ikisema haijaona kitu kwa Rehema, usirudi nyumbani ukadhani kwisha. Kwa mtoto anayelala chumba kimoja na mgonjwa, daktari anaweza kuamua kumtibu kwa kuangalia dalili na picha ya kifua. Na akijiridhisha kwamba hana TB, mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa anastahili dawa za kinga. Ziulizie wewe mwenyewe, usingoje kukumbushwa.

Nenda asubuhi. Beba kadi ya matibabu ya baba yake pamoja na kadi ya kliniki ya Rehema, waone uzito wake umekwendaje miezi hii. Huduma za TB kwenye vituo vya serikali ni bure.