Kilo mbili kasoro za Sani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limetukumbusha kwamba Superman namba 1, kitabu cha katuni cha Marekani, alinunuliwa dola milioni 9.12, kisha mkatuuliza wasomaji: wewe ungelipa shilingi ngapi kwa kitabu kimoja cha katuni? Nimelisoma asubuhi, nikalirudia mchana, na usiku huu nimewasha taa niandike. Bei sitaitaja. Swali linaloniuma mimi linatangulia hilo la bei: ni nani anayeamua kwamba gazeti la katuni ni karatasi ya kufungia vitu?

Habari yenyewe naifahamu vizuri, niliifuatilia tangu iliposikika Novemba 2025. Ndugu watatu wa California kaskazini walikuwa wakipekua nyumba ya marehemu mama yao. Darini, ndani ya boksi, chini ya rundo la magazeti makuukuu, wakakuta vitabu vya katuni ambavyo mama huyo na kaka yake walivinunua walipokuwa wadogo. Kimojawapo kilikuwa Superman namba 1 ya mwaka 1939, kitabu ambacho siku kilipotoka kiliuzwa senti 10. Miaka yote mama alikuwa akiwaambia wanawe kwamba ana katuni za thamani, lakini hakuwahi kuwaonyesha. Wakaipeleka kwenye mnada huko Texas, na iliyobaki mnaijua.

Ila kuna jambo ambalo waandishi wengi walilipita haraka. Vitabu vile vya kwanza vilichapwa kwa wingi tu, havikuwa adimu. Vilikuja kuadimika kwa sababu vilisomwa mpaka vikachanika, halafu ikaja Vita Kuu ya Pili, na watoto wa Marekani wakahimizwa kukusanya karatasi kuukuu zipelekwe viwandani kusaidia vita. Katuni zikaenda na gunia. Kwa hiyo zile milioni tisa hazikutengenezwa na yule mama aliyetunza peke yake. Zimetengenezwa pia na akina mama wote waliotoa.

Sasa kuhusu plastiki. Kuna kampuni iitwayo CGC, ilianza mwaka 2000, ambayo hukipa kitabu alama kuanzia 0.5 hadi 10 kisha hukifungia ndani ya plastiki ngumu. Superman huyu alipata 9.0. Tangu siku hiyo huwezi kumfunua mpaka uvunje plastiki, na ukiivunja umeivunja na ile alama. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikasirika kama vile nimeibiwa mimi. Katuni ni ya kushikwa. Inasomwa na watu watatu kwa mpigo, mmoja ameishika, wawili wanachungulia begani, na mwenye haraka anaambiwa "subiri, usifunue". Kitabu kisichofunuliwa kina tofauti gani na tofali?

Mimi nimelelewa na Sani, gazeti letu la katuni la Tanzania, huku Morogoro. Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Madenge, Kipepe, Dokta Pimbi: yataje majina hayo mbele ya watu wa rika langu, hata kama mko msibani, kuna mtu atatabasamu. Wengi hawajui kwamba jina la gazeti lilitokana na waanzilishi wake, SA ya Saidi Bawji na NI ya Nico ye Mbajo. Wala hawajui kwamba Philip Ndunguru, fundi aliyewapa sura wengi wa wahusika hao, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Na mimi niliyajua hayo ukubwani. Utotoni nilichokuwa naona ni kwamba katika magazeti ya zamani mstari ulikuwa mwingine, mkono mwingine, na sikuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini.

Nilikuwa na nakala 23. Tisa nilirithi kwa kaka yangu alipohamia Dar es Salaam, nyingine nilizipata kwa kubadilishana, na chache nilinunua kwa hela ya kuuza chupa. Nilizitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, zimepangwa kwa namba, na vidonge viwili vya dawa ya nondo pembeni. Sheria yangu mtaa mzima uliijua: unasoma hapa hapa barazani kwetu, huondoki nayo.

Mwaka 1991, nikiwa darasa la saba, dada yetu mkubwa aliolewa. Wiki moja kabla ya harusi nikarudi kutoka shule, nikavuta sanduku, nikakuta mashuka ya wageni.

"Yale makaratasi?" Mama aliniuliza, anapepeta mchele, hata hakuinua uso. "Nimempa mzee wa karanga. Kapima, kilo mbili kasoro." Fedha yake ilikuwa imeshanunua chumvi na viberiti.

Sikumjibu Mama, na nisingeweza. Nyumba ilikuwa inangoja wageni kumi na wanne, na sanduku lilikuwa moja. Nilitoka mbio mpaka stendi na sare yangu ya shule.

Mzee wa karanga alikaa chini ya mwembe, upande ambao mabasi ya Dodoma yalikuwa yakigeuzia. Kushoto kwake gunia, mbele ungo wa karanga zilizokaangwa kwa chumvi, kulia kipande cha ubao na kisu. Alikuwa na namna yake ya kazi, ningeweza kuichora leo. Anachukua robo ya ukurasa, anaizungusha kwenye kidole gumba mpaka inakuwa kama pembe ndogo, anaukunja mkia, anamimina karanga kwa kikopo cha nyanya, anakunja mdomo, anaisimamisha kwenye ungo pamoja na wenzake. Zilikuwa zimesimama kama arobaini hivi. Niliposogea nikaona nusu ya uso wa Madenge unazunguka kwenye kidole gumba cha mzee, jicho moja upande huu, sikio likipotelea upande wa pili.

"Zangu hizo," nikasema.

Hakuacha kukunja. "Kwenu hawasalimii?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, sema sasa."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikilia, nikichanganya harusi na sanduku na namba za magazeti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole kwamba yeye amenunua, amepima mbele ya mama yangu, na karanga hazifungwi kwa majani ya mwembe. Ilikuwa kweli. Nikabaki nimesimama pale. Abiria mmoja akanunua pembe mbili, akazifungua, akamwaga karanga kiganjani na kuitupa karatasi. Niliiokota. Ilikuwa robo ya juu ya ukurasa, maneno yapo, wahusika wamekatwa shingoni.

Nadhani mzee aliniona nikijaribu kuilainisha kwenye paja. Akainua pembe ya gunia alilokalia, akatoa magazeti matatu ambayo kurasa zake za ndani hazijaguswa na kisu.

"Haya bado sijamaliza," akasema.

Sikumwelewa. Akaniambia kwamba hakati karatasi yenye maandishi kabla ya kuisoma. Anaanza kusoma alfajiri wakati moto unashika, na asichokimaliza anakalia. Kisha akalifunua moja na kunionyesha kwa kidole chenye chumvi. "Hii ya Lodi Lofa imenikatikia hapa. Inayofuata unayo?"

"Ilikuwemo kwenye hizo ulizokata."

Mzee alikiangalia kile kisu kama vile ndiyo kwanza anakiona. Akatazama zile pembe arobaini. Akachukua moja, akaifungua, karanga akazirudisha kwenye ungo, akaisoma ile robo, akaiweka chini. Akafungua nyingine. Tulifungua kumi na moja, mimi na yeye, tukijaribu kuoanisha vipande juu ya ubao. Hatukupata hata kurasa mbili nzima.

"Basi nisimulie," akasema.

Nikakaa kwenye kreti tupu la soda, nikaanza. Siku ile nilisimulia mpaka jua likashuka, na kesho yake baada ya shule nikarudi, na keshokutwa, mpaka Ijumaa. Wiki ile karanga zote zilifungwa kwa karatasi za daftari na magazeti ya michezo. Makondakta walisogea kusikiliza, wakawa wananirekebisha mahali ambapo wao pia waliwahi kusoma. Ijumaa mzee akanipa lile gazeti lililomkatikia. Jalada lilikuwa limeshafunga karanga za shilingi 20 zilizopanda basi la Dodoma, na karatasi ya juu kabisa, ile yenye ukurasa wa kwanza upande mmoja na wa mwisho upande mwingine, nayo ilikuwa imekwenda.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Kulikuwa na hadithi moja fupi ndani ya gazeti lile lile iliyokuwa inamalizikia kwenye ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini pale kwenye kreti mwisho wake ulinitoka kabisa. Nikatunga. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Eeh, ndivyo." Mwisho wa kweli sijaukumbuka hadi leo, na nina miaka 47.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka kuimalizia hapa, niseme: mnaona? Katuni ile iliishi kwa sababu ilipita mikononi, midomoni, kwenye kreti la soda, na hakuna plastiki ingeweza kufanya hivyo. Ningeandika hivyo na ningekuwa nimesema uwongo nusu. Maana gazeti lile ninalo. Liko kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki wa faili nilioununua duka la vifaa vya ofisi, na mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alipotaka kulisoma nilimwambia anawe mikono kwanza, kisha nikakaa pembeni yake nikizihesabu kurasa alizofunua. Mimi niliyekasirika na plastiki ya Marekani.

Kwa hiyo nimelifikiria upya. Naona kuna kutunza kwa aina mbili, na nilikuwa nazichanganya. Mwaka 1992 Superman aliuawa katika namba 75, na baadhi ya nakala ziliuzwa zikiwa zimefungwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Watu walinunua kwa mamilioni, wengi wakaziweka bila kufungua, wakingoja utajiri. Utajiri haukuja, kwa sababu kila mtu alitunza. Biashara ya katuni ikaanguka vibaya, na mwisho wa 1996 hata Marvel, kampuni kubwa ya katuni, walikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Watu wale walitunza bei, na hao sina cha kuwatetea. Yule mama wa California hakuwa anatunza bei. Mwaka 1939 hakukuwa na bei ya kutunza.

Sisi huku tuna tatizo la kinyume. Sani ilisomwa na nchi nzima na karibu kila mtu akaifungia karanga, maandazi, misumari. Na si Sani tu. Baba zetu walikuwa na Lance Spearman, yule mpelelezi wa kofia ya panama na biri, hadithi za picha zilizotolewa na watu wa jarida la Drum. Mwulize mzee yeyote wa mjini atakusimulia Spear kwa mikono yote miwili, halafu mwombe akuonyeshe nakala. Hata Shujaaz, katuni ya Kenya, iliyoanza 2010 ikigawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation, mimi nina wasiwasi nayo kwa sababu hiyo hiyo ya ubure. Kitu cha bure ndicho cha kwanza kufutia kioo cha gari.

Hivyo basi jibu langu kwa swali langu mwenyewe: anayeamua kwamba gazeti la katuni ni karatasi ni yule mwenye shida ya karatasi siku hiyo, na hana kosa. Kosa ni kumwachia nakala zote. Tungekuwa na mtu mmoja kila mji aliyeweka seti moja darini, wengine wote wangekuwa huru kufungia karanga mpaka kesho. Na kama mtu huyo atataka plastiki, sawa, nimekubali, ingawa iwe plastiki inayofunguka, na awe mtu wa kukaribisha wageni. Akiifungia ile ya kuvunja, bado nitasema ameweka tofali. Ila tofali lenye kurasa zote ndani, hilo nalazimika kukiri, ni zaidi ya nilichonacho mimi.

Nilisema bei sitaitaja. Nimebadili nia. Nakala yangu inaanzia ukurasa wa 3, haina jalada, kwa hiyo namba yake siijui, lakini nikionyeshwa nyingine nitaitambua mara moja. Kwa msomaji mwenye toleo hilo likiwa na ukurasa wa mwisho, nitalipa shilingi 300,000. Bila ukurasa wa mwisho, hata akinipa bure silitaki. Na kama halitoki nyumbani kwake, na namwelewa, basi aniruhusu nikalisome hapo hapo barazani kwake, nimpe 20,000 na nauli nijitegemee. Nitakuwa nimenawa mikono.

Msomaji wenu,
Morogoro