Nyaraka zetu ni safi, kwa nini tuogope ushuru wa kulipiza kisasi?

SWALI: Kampuni yetu huuza nje vifaa vya chuma. Serikali yetu imepandisha ushuru kwa bidhaa za nchi waliko wateja wetu wakubwa, nayo nchi hiyo imetangaza kwamba italipiza. Nyaraka zetu hazijawahi kukutwa na dosari. Je, hilo halitukingi? Na kama halitukingi, tupitishie mzigo nchi ya tatu? Kontena mbili zimeshaondoka bandarini.

JIBU: Nianze na kontena, maana hizo hazingoji. Kwa kawaida ushuru hukokotolewa kwa kiwango kinachotumika siku mzigo unapotolewa tamko la forodha huko uendako. Hata hivyo, tangazo la ushuru wa kisasi mara nyingi huwa na kifungu kinachosamehe mizigo iliyokwisha safirishwa kabla ya tarehe fulani. Ushahidi wenu ni tarehe iliyo kwenye bili ya shehena, yaani hati ambayo kampuni ya meli huitoa inapopokea mzigo. Mtumieni mteja nakala leo, kisha lisomeni tangazo lenyewe, si habari za gazetini.

Sasa swali lenu la kwanza. Usafi wa nyaraka haukingi, kwa sababu ushuru huu haumtafuti mkosaji. Mwaka 2018 Marekani ilipotoza chuma 25% na alumini 10%, Umoja wa Ulaya ulijibu mwezi Juni kwa kupandisha ushuru wa wiski ya bourbon, jinzi, siagi ya karanga na pikipiki. Pikipiki kubwa zilizokuwa zikitozwa 6% ziliruka hadi 31%. Watengenezaji wake hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Ila bourbon ni zao la Kentucky, jimbo la kiongozi wa chama chenye wajumbe wengi katika Seneti ya Marekani wakati ule, na Harley-Davidson, kampuni ya pikipiki, ina makao yake Wisconsin, alikotoka Spika wa Bunge la Wawakilishi. Orodha hizi huandikwa ramani ya siasa ikiwa mezani. Jambo jingine linaloangaliwa ni kama bidhaa inapatikana kwingine: China ilipotoza soya ya Marekani 25% Julai mwaka huohuo, wanunuzi wake waligeukia Brazil. Jiulizeni kama mteja wenu anayo Brazil yake.

Nyaraka zenu, basi, zina kazi gani? Ndizo zinazoamua mtapigwa kwa kiasi gani. Orodha ya kisasi haisemi "vifaa vya chuma". Hutaja namba za HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, zinazofuata kila nchi hujiongezea, na orodha nyingi hushuka hadi hizo za mwisho. Bidhaa mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutengana hapo. Kama mna shaka, ombeni uamuzi wa awali wa forodha katika nchi ya mteja, yaani wawaambie kabla mzigo haujafika bidhaa yenu itawekwa kwenye namba ipi. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi wanachama kuutoa kwa maandishi. Kubadili namba kimyakimya ili kukwepa orodha ni udanganyifu, na mkaguzi ataanzia hapohapo.

Angalieni pia mkataba. Mkiuza kwa masharti ya FOB, ambapo kazi yenu huishia mzigo ukishapakiwa melini, ushuru ni wa mwagizaji, ingawa atawapigia simu kuomba punguzo. Mkiuza kwa DDP, ambapo mnamfikishia mteja mzigo ushuru ukiwa umelipwa, ni wenu wote. Msitegemee kifungu cha dharura zisizozuilika, kile kinachosamehe asiyeweza kutimiza mkataba: ushuru hufanya biashara iwe ghali, hauifanyi isiwezekane, na waamuzi wengi hushikilia tofauti hiyo. Kinachofaa ni kifungu kinachotamka wazi nani anabeba ushuru mpya.

Kuhusu nchi ya tatu: kupitisha tu hakubadilishi asili ya bidhaa, yaani nchi ambayo forodha huihesabu kuwa imetoka. Kubandika lebo mpya, wala. Hata kuhamisha kiwanda hakutoshi kila mara. Harley-Davidson iliwaeleza wawekezaji wake Juni 2018 kwamba ingehamisha utengenezaji wa pikipiki za soko la Ulaya ili kuepa ushuru. Zikaja kuunganishwa Thailand, na forodha ya Ubelgiji ikakubali kwamba asili yake ni Thailand. Mwaka 2021 Kamisheni ya Ulaya iliagiza uamuzi huo ufutwe, kwa kuwa sheria yao haitambui asili mpya pale lengo kuu la kuhama ni kukwepa ushuru. Kampuni ilishindwa mahakamani 2023, na rufaa yake ikagonga mwamba Novemba 2024. Maelezo yake yenyewe kwa wawekezaji yaligeuka ushahidi. (Wakurugenzi wenu wanaopenda kujieleza kwenye barua pepe wasomewe aya hii.)

Kutafuta soko jipya kabisa ni halali, lakini huko ndiko watu makini huteleza. Mnunuzi mpya anayejitokeza ghafla, anayetaka kiasi kilekile mlichokuwa mkiuza kule na hajali bei, huenda anapeleka mzigo kulekule, au kwenye nchi iliyowekewa vikwazo. Mchunguzeni mmiliki wake halisi na mtumiaji wa mwisho kabla hamjampa bei.