Ukienda Newala kuona boma, anza na maji

Mara ya kwanza nilipokwenda Newala kuona boma la Mjerumani nilifika saa saba mchana, nikatazama ukuta, nikala wali, nikarudi Mtwara. Nauli ilikwenda bure.

Safari ya pili nilianzia Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda ambapo ardhi inaporomoka ghafla, nawe nakushauri uanzie hapo. Subiri ukungu uondoke. Utaliona bonde lote, na kule mbali Mto Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Kisha teremka kwenye njia waliyozoea kupita akina mama wakifuata maji, halafu upande na dumu la lita 5 tu. Mimi nilipumzika mara nne, na siyo mzee.

Hapo ndipo vita vya 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vinaeleweka. Wareno, waliokuwa wakiitawala Msumbiji, walivuka Ruvuma Septemba, Oktoba wakaitwaa Newala. Ukuta walikuwa nao. Maji yalikuwa bondeni. Wajerumani wakazishika chemchemi, wakaizingira ngome, na Novemba ilipokwisha Mreno alisharudi ng'ambo. Boma bila maji ni jela tu.

Kuna pia mahandaki, ya enzi za vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza 1964, ndege za Mreno zilipokuwa tishio mpakani. Hayo huyaoni bila mwenyeji. Nilikuwa nimeshakanyaga kabonde chini ya mikorosho, nikadhani ni mmomonyoko, babu aliyenitembeza aliponiambia ndimo walimojificha wakiwa wanafunzi.

Ukiteremka vijiji vya mtoni, pita kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, ukiwa na kitambulisho. Tangu Kitaya, kijiji cha mpakani, ishambuliwe na wanamgambo Oktoba 2020, mgeni anayezungukazunguka na kamera lazima aulizwe, na wana haki. Nenda Juni au Julai, beba sweta; upepo wa Newala haujali kwamba umetoka pwani. Msimu wa korosho nyumba za wageni hujaa.

Na chuma chochote kilichochomoza ardhini, usikiguse; huenda ni bomu la vita. Mimi niliinama kukiokota kimoja pale mikoroshoni. "Acha, mjukuu wangu. Rudi nyuma, polepole." Babu akamwita mwenyekiti, tukasimama mbali karibu saa nzima. Mwishowe kikaonekana ni jembe bovu. Nilicheka peke yangu.